Kusubiri na Kusubirishwa

Wazee walisema subira huvuta heri. Wazee hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili tumezisikia tangu utotoni, na mara nyingi tumezitumia bila kujiuliza ipi inafaa lini. Katika insha hii tunataka kujiuliza. Ni wakati gani Mkristo anayengoja haki yake anapaswa kuvumilia, na ni wakati gani anapaswa kubisha hodi tena na tena? Na sisi tunaomhubiria subira, tunajuaje kwamba hatumzibi mdomo mtu ambaye Mungu anataka aseme?

Swali hili linaweza kujadiliwa vizuri darasani katika chuo cha theolojia, lakini usharikani huingia ofisini likiwa na karatasi mkononi. Huja mstaafu aliyetumika miaka thelathini na zaidi, anafuatilia mafao yake. Huja mfanyabiashara aliyelipa kodi kuliko iliyompasa. Sheria inatambua kwamba kilichozidi ni chake, naye anafuatilia marejesho. Huja mkulima wa tumbaku aliyekwisha kuuza sokoni, na bado anachungulia akaunti yake kila wiki. Wote hawa wanadai kilicho chao. Hawakuja kuomba msaada, ingawa kadiri muda unavyopita wanaanza kufanana na waombaji, na baadhi yetu tunaanza kuwatazama hivyo.

Siku hizi wote wana neno. Zamani mtu aliambiwa tu kwamba faili halionekani. Sasa anafungua simu yake, au anamwomba kijana wa steshenari amfungulie, na mfumo unampa neno moja: Imepokelewa. Inahakikiwa. Inasubiri nyaraka. Imeidhinishwa. Inashughulikiwa. Mwenye ombi hulishika neno hilo kama mgonjwa anavyolishika jina la ugonjwa wake. Anatuuliza, "Mchungaji, hili maana yake nini?" Mara nyingi tumemjibu kwa sala, kwa sababu maana yake hatukuijua.

Mmoja wao ni mama mjane wa usharika wetu. Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nasi ndio tuliomzika. Mama huyu alianza kufuatilia haki za mirathi na za mfuko, akawa anakuja kwetu kila aliporudi kutoka mjini. Alikuja mara ya tatu, mara ya nne, mara ya tano. Kila mara alikuwa na neno lile lile kwenye karatasi, nasi kila mara tulimfungulia Yakobo 5:7, habari za mkulima anayengoja mazao ya nchi mpaka apate mvua ya kwanza na ya mwisho. Mfano huo hauhitaji maelezo kwa mtu wa Tabora. Anajua maana ya kuutazama mwezi wa Oktoba ukipita, ardhi ikiwa kavu kama kigae. Mama aliitikia amina, akafunga khanga yake vizuri, akaenda zake. Tutarudi kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyetufanya tuandike haya.

Mji wetu unajua kungoja. Kabla ya reli na kabla ya lami, Tabora, au Unyanyembe kama wasafiri walivyouita upande huu, ilikuwa kituo kikuu katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Msafara kutoka pwani ulitembea miezi mitatu hivi kufika hapa. Hapa wapagazi walibadilishwa, mizigo ilifungwa upya, na habari za njia ya mbele zilisubiriwa. Kama kulikuwa na vita, msafara ulikaa. Mvua zikinyesha, mito ikafurika, msafara ulikaa. Wapagazi Wanyamwezi wakitaka kwenda kwao kulima, msafara ulikaa. Na wakati wote uliokaa, watu walipaswa kula. Posho ilitolewa kwa vitambaa na shanga, vikabadilishwa kwa mtama na viazi. Kwa hiyo msafara uliosimama ulikuwa unakula bidhaa zake wenyewe. Kuchelewa kuna gharama, na gharama hiyo kuna mtu anayeilipa.

Wengi wetu tumefika Kwihara, nje kidogo ya mji, kulitazama tembe lililohifadhiwa kwa kumbukumbu ya David Livingstone. Wanafunzi huonyeshwa vyumba, wakapiga picha, wakaondoka. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika Kwihara hiyo kazi kubwa ya Livingstone ilikuwa kungoja. Alipofika Ujiji mwaka 1871, mgonjwa na mchovu, alikuta kwamba bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Bidhaa nyingine na barua zilizotumwa kwake mwishoni mwa 1870 zilikaa kwanza pwani kwa muda mrefu, kisha zikakaa hapa Unyanyembe, na ndipo Stanley alipozikuta. Mwaka uliofuata wawili hao walikuja pamoja mpaka Kwihara. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi 1872, akiahidi kutuma watu. Watu hao walifika katikati ya Agosti. Miezi mitano mzee yule alikaa akihesabu siku.

Tazama jinsi ucheleweshaji ule ulivyokuwa wa aina nyingi. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Hilo halikuwa kosa la mpagazi yeyote. Miezi mitano ya Kwihara ilitokana na urefu wa njia, kwa maana watu walipaswa kupatikana Zanzibar na kutembea mpaka hapa. Huko kulikuwa kusubiri kwa haki, kwa sababu ahadi ilikuwa inatembea. Barua zilizolala pwani zilicheleweshwa na uzembe. Na bidhaa za Ujiji zilipotea kwa wizi. Kwa mtu aliyekaa barazani akitazama njia, aina hizi zote zilionekana kitu kimoja, yaani mzigo haujafika. Lakini mbele za Mungu vita, umbali, uzembe na wizi havina hesabu moja.

Wapo pia waliopita katika njia ile ambao hawakuwa wakingoja malipo yoyote, kwa sababu wao wenyewe walihesabiwa kuwa bidhaa. Kilio chao hakikuandikwa katika daftari la mfanyabiashara yeyote. Tukisema habari za njia ya misafara bila kuwataja, tunasema uongo. Nao wanatukumbusha kwamba kumnyima mtu haki yake huanza pale anapoacha kuonekana kuwa mtu.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa nyayo za wapagazi. Baadaye njia ya Mwanza ikaungana nayo hapa, na Tabora ikawa mji wa watu wa reli. Katika sharika za mji huu walikuwapo wazee waliofanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali zake na madeni yake vilibaki mezani. Nchi tatu zilitia saini mapatano ya kugawana mali na madeni mwaka 1984. Lakini waliokuwa watumishi wa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao. Mwaka 2003 walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2005 wakafikia makubaliano na Serikali. Hata baada ya hapo walikuwapo walioendelea kusema kwamba hawajalipwa inavyostahili.

Kati ya 1977 na 2005 ni miaka 28. Mtu aliyekuwa na miaka arobaini alifikisha sitini na minane. Katika miaka hiyo wajane waliachwa, watoto waliacha shule, na majina katika orodha yaligeuka kuwa majina ya marehemu. Tukiwaza juu ya wazee hao tunaona aibu kuwaambia watu kwa wepesi kwamba subira huvuta heri. Kwa wengine heri ilikuja, lakini ilikuta kaburi.

Hata hivyo hatupaswi kukimbilia hukumu. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo anatufundisha kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Karani aliye nyuma ya dirisha naye ni jirani. Si kila kuchelewa ni wizi. Fedha ya mfuko ni fedha ya wengi, na anayeilinda anamlinda pia mama yule mjane. Tunakumbuka kwamba mwaka 2017 ilitangazwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Kama hakuna anayehakiki, anayetangulia kulipwa ni mwongo, kwa sababu mwongo daima ana karatasi nzuri kuliko mkweli. Kwa hiyo uhakiki ni sehemu ya haki. Luther alipoeleza ombi la mkate wetu wa kila siku, alihesabu serikali njema kati ya mambo tunayoyaomba tunaposema mkate. Afisa anayekagua nyaraka kwa uaminifu ni mmoja wa watu ambao kwa mikono yao Mungu hutupa mkate.

Ndiyo maana yatupasa kujifunza maneno yale. Imepokelewa maana yake ni kwamba ombi limeingia mlangoni. Hakuna aliyesema kwamba ni sahihi. Inahakikiwa maana yake ni kwamba mtu analinganisha majina, tarehe na michango. Na hapa ndipo watu wetu wengi hukwama, kwa sababu kwenye kitambulisho cha taifa anaitwa Yohana, benki anaitwa John, na kwenye cheti cha ubatizo ameandikwa jina la babu. Imeidhinishwa maana yake ni kwamba deni limekubaliwa. Lakini kukubali deni na kulilipa ni mambo mawili, na wenye maduka wanalijua hilo. Inasubiri nyaraka maana yake ni kwamba mpira uko upande wetu. Mtu akilielewa neno, anajua aende wapi na amwulize nani. Asipolielewa, hukaa nyumbani akimlaumu asiyehusika, au hutoa fedha kwa dalali anayejidai kwamba ana mtu ndani.

Lakini lipo neno moja ambalo tunaliogopa: Inashughulikiwa. Lugha yetu ina uwezo wa ajabu wa kumficha mtenda. Inashughulikiwa na nani? Tangu lini? Mpaka lini? Neno halisemi. Linaweza kuwa kweli, na linaweza kuwa pazia lililofungwa mbele ya dirisha ambalo ndani yake hakuna mtu. Dhidi ya neno hilo, lugha hiyo hiyo imetupa neno jingine: kusubirishwa. Anayesubiri anafanya jambo mwenyewe. Anayesubirishwa anafanyiwa jambo na mtu, na mtu huyo yupo hata kama jina lake halionekani. Tunaona kwamba sehemu kubwa ya swali letu imo katika tofauti ya maneno haya mawili.

Tumrudie Yakobo. Kwa miaka mingi tumelisoma neno lake juu ya mkulima na mvua kana kwamba sura ya tano inaanzia kwenye mstari wa saba. Sivyo. Mstari wa nne unasema habari za ujira wa wafanya kazi waliovuna mashamba, ujira uliozuiliwa na wenye mashamba, na jinsi ujira huo unavyolia na kilio chake kinavyofika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Yakobo anasema kwanza na anayezuia, na ndipo anapomgeukia anayengoja. Kwa mzuiaji hana neno hata moja la subira, ana onyo. Kwa anayengoja ana faraja, nayo ni kwamba Bwana yu karibu, na tena Bwana huyo ni mwamuzi aliyesimama mlangoni. Anayemhubiria mjane mstari wa saba na kumwacha mwenye deni bila mstari wa nne, amelikata neno la Mungu katikati na kumpa kila mtu kipande kisichokuwa chake.

Maandiko mengine yanakubaliana naye. Sheria ya Musa, katika Walawi 19:13, hairuhusu ujira wa kibarua ulale kwa mwajiri mpaka asubuhi. Usiku mmoja tu. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaeleza sababu: mtu huyo ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira ule. Na Mithali 3:28 inataja maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia dirishani, kumwambia jirani aende zake arudi kesho, wakati kitu chenyewe unacho. Biblia inalijua hata neno letu la njoo kesho. Na Luther, akiifafanua amri ya saba katika Katekisimo Kubwa, hakumtafuta mwizi kwa mwenye kuvunja sanduku usiku peke yake. Alimtafuta sokoni, karakana, na popote mtu anapochukua faida kwa hasara ya jirani. Muda wa maskini nao ni mali. Nauli aliyolipa mara sita ni mali.

Msomaji anaweza kuuliza, je, Mungu naye hachelewi? Ibrahimu alingoja mwana mpaka uzee. Mwimbaji wa Zaburi 13 anauliza mara nne katika mistari miwili, mpaka lini. Tunakiri kwamba Mungu hutungojesha, na hatutajifanya kwamba tunazijua sababu zake zote. Lakini Petro, katika waraka wake wa pili, sura ya tatu, anatupa jambo moja la kushika. Anasema kwamba kile ambacho watu hukiona kuwa kukawia kwa Bwana ni uvumilivu wake, kwa kuwa hapendi mtu yeyote apotee. Yaani Mungu anapokawia, faida si yake. Ni ya mwenye dhambi anayepewa nafasi ya kutubu. Na gharama ya kungoja kwake ameibeba mwenyewe, mpaka msalabani. Mwanadamu anapomkawiza mwenzake, mara nyingi faida inabaki kwa mkawizaji, na gharama inabebwa na anayengoja.

Basi tuna kipimo. Tukitaka kujua kama huku ni kusubiri au ni kusubirishwa, tuulize: nani ananufaika na kuchelewa huku, na nani anakulipia? Mvua ikichelewa hakuna anayenufaika. Tunangoja pamoja, tajiri na maskini. Uhakiki ukichukua muda wake wa haki, wananufaika wote wenye haki. Lakini faili likilala kwa sababu mtu hakujali, au kwa sababu anangoja kitu kidogo, hapo subira ya anayengoja inageuzwa kuwa godoro la mtu mwingine kulalia.

Sasa turudi kwa mama yetu. Alipokuja mara ya sita alifuatana na mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa likizo. Kijana alichukua ile karatasi, akaisoma, akatuuliza kwa adabu, "Shikamoo Mchungaji. Hapa wameandika Inasubiri nyaraka. Ni nyaraka gani ambayo Bibi hajapeleka?" Mama akasema kwamba alikwisha kupeleka vyote, isipokuwa cheti cha ndoa, ambacho kililiwa na mchwa kwenye sanduku la marehemu. Kisha akanyamaza, akatazama chini. Hakutaka kusema. Ni sisi tuliokumbuka.

Miezi saba kabla ya siku hiyo alikuwa amekuja kuomba uthibitisho kutoka katika daftari la ndoa la usharika, kwa kuwa walifungishwa ndoa katika kanisa letu. Tulimwambia kwamba daftari la miaka ile liko katika kabati la zamani, na ufunguo anao mtunza hazina, ambaye amesafiri. Tulimwambia arudi kesho. Alirudi, tukawa na kikao cha jimbo. Alirudi tena, tukaandika jina lake na la marehemu kwenye kipande cha karatasi, tukakiweka katika droo ili tusisahau. Baada ya hapo hakuuliza tena, kwa sababu kwake yeye mchungaji hasumbuliwi. Akawa anakuja kuomba maombi tu. Nasi tulimwombea. Tuliwaombea na maafisa wa mfuko, Mungu ailainishe mioyo yao.

Tulifungua droo. Kipande cha karatasi kilikuwapo, chini ya ratiba ya ibada za Kwaresima.

Hatuna sababu ya kulipamba jambo hili. Mfumo ulikuwa umesema kweli kwa miezi saba, na neno lake lilimaanisha sisi. Mhubiri wa mstari wa saba alikuwa mtu wa mstari wa nne. Tulikuwa tukimsikitikia mjane wa Luka 18, aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu, bila kujua tumeketi katika kiti cha nani. Na katika mfano ule wa Yesu yule mjane ana nguvu moja ambayo mama yetu hakuwa nayo: alimsumbua kadhi. Mama yetu hakutusumbua kwa kuwa tulikuwa tumemfundisha kwamba kusumbua ni upungufu wa imani. Yesu alifundisha kinyume. Aliutumia usumbufu wa mjane yule kutufundisha kuomba bila kukata tamaa.

Tulimwomba msamaha mbele ya mjukuu wake. Alisema, "Tumesamehe, Mchungaji," halafu akaongeza jambo ambalo limetukaa: "Mimi nilidhani subira yangu ndiyo haijatosha." Miezi saba alikuwa akijitafutia kosa katika imani yake, na kosa lilikuwa kwenye droo yetu. Hasara hiyo hakuna muhuri unaoweza kuirudisha. Uthibitisho tuliuandika alasiri ile ile. Kulipata jina lake katika daftari kulichukua chini ya robo saa.

Tumejifunza nini? Kwanza, anayengoja haki yake na aifuatilie bila haya. Aulize neno lina maana gani, aandike tarehe aliyokwenda na aliyoongea naye, atunze nakala, arekebishe majina yake mapema kabla ya kustaafu. Kufuatilia ni sehemu ya kungoja, kama kupalilia kulivyo sehemu ya kungoja mavuno. Mkulima wa Yakobo hakulala miezi yote ile. Afanye hivyo bila matusi na bila kutoa rushwa, kwa sababu anayenunua haki yake anampandishia bei mwenye haki anayemfuata.

Pili, washarika wenzangu mnaofanya kazi katika ofisi, za Serikali, za benki, za vyama vya ushirika na za kanisa, tusikubali neno inashughulikiwa litoke kwetu bila mtenda na bila siku. Tuseme: liko kwangu, au liko kwa fulani, na rudi siku fulani. Na kama haliwezekani, tuseme haliwezekani. Mtu anayejua ukweli mchungu anaweza kupanga maisha yake. Anayepewa tumaini la uongo anakula akiba yake barazani, kama ule msafara uliosimama.

Tatu, sisi wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, kabla ya kumwombea mtu subira tumwombe atuonyeshe karatasi. Tuisome. Huenda Mungu amekwisha kulijibu ombi, na jibu liko katika kabati ambalo ufunguo tunao. Katika usharika wetu sasa madaftari ya ubatizo, kipaimara na ndoa yako mahali panapofunguka kila siku ya kazi, na anayeomba uthibitisho anaandikwa katika kitabu, na siku ya kuupata inaandikwa mbele ya jina lake. Ni jambo dogo. Lakini tunaamini kwamba Bwana aliye mlangoni atatuuliza juu ya kitabu hicho kabla ya kutuuliza juu ya mahubiri.

Tunapoandika haya, ombi la mama yule limefika kwenye neno Imeidhinishwa. Fedha haijaingia. Bado anangoja, na bado anakuja, nasi bado tunaomba pamoja naye. Ila sasa, kabla ya kuinamisha vichwa, anaitoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki, tunaisoma neno kwa neno, na tunaulizana kama kuna jambo lolote linalotungoja sisi.